Skrubu Iliyobaki Kwenye Taya Langu na Shamba Lililobaki Mtoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wenye meno yote, na sisi wenye mapengo tuitikie.

Mimi ni Mama Naomi wa mtaa wa juu, yule aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama, kabla sijaanza kuimba nimeziba mdomo kwa khanga. Mwinjilisti ameniambia ushuhuda huu niuandike, nisisimame kuusema, kwa sababu nikisimama nakasirika, na nikikasirika napotea. Niliishia darasa la nne. Mkiona mahali pamekaa vibaya, mnivumilie. Na majina nitayataja. Mwinjilisti alisema nisiyataje, lakini Mungu anawajua watu hao, kwa nini ninyi msiwajue?

Wa kwanza ni Mama Tabitha. Tulikuwa msibani kule Vuga, tukapikiwa makande, na maharage ya makande yale aliyachagua yeye. Aliyachagua huku anasimulia habari za watu. Kijiko cha pili tu nikauma jiwe, na jino langu la mbele, la juu, likalia mpaka aliyekaa pembeni yangu akageuka kunitazama. Halikutoka siku ile. Lilipata ufa, likawa jeusi, fizi ikatunga usaha, na baadaye likang'olewa. Nikabaki na dirisha katikati ya uso.

Ndugu zangu, mtu mwingine angevumilia. Mimi nilikuwa mwimbishaji. Nikifungua mdomo, wimbo unatoka na filimbi yake. Watoto wa sandeskuli walicheka, na wakubwa walicheka kwa adabu, wakainamisha vichwa kama wanaosali. Na Naomi wangu alikuwa ameshachumbiwa. Nikawa najiona mbele ya wakwe, natoa nasaha za mama mzazi huku nikipuliza filimbi.

Wa pili ni Zakaria. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na wote mnamjua kwa kazi yake ya udalali wa mboga. Nilimwambia nataka jino la kuvaa, lile la plastiki, la kuvua usiku. Akacheka.

"Shemeji, hilo litadondoka ukiwa unaimba. Mimi nilimwona mama mmoja, jino lake liliruka likaingia kwenye sahani ya mchungaji."

"Mchungaji yupi?"

"Nikikutajia utaenda kumuuliza."

Akasema siku hizi kuna jino la kupandikiza. Wanakuwekea skrubu ndani ya mfupa wa taya, jino linakaa juu yake, halitoki mpaka unazikwa nalo. Akasema kuna kliniki mjini Tanga, anafahamika pale, atanipeleka mwenyewe.

Pale kliniki alikuwepo dada wa mapokezi anaitwa Rehema. Huyo ni wa tatu. Nilimuuliza, jino moja ni bei gani? Akasema laki tisa. Nikamuuliza, ndiyo bei ya mwisho? Akasema, "Ndiyo mama, haipungui."

Sasa hapa ndipo mnisikilize vizuri, hasa ninyi wenzangu wa kulima. Sisi tunauza kabichi shamba likiwa limesimama. Dalali anakuja, anasimama kwenye tuta la juu, anatazama, anataja bei ya shamba zima. Mkishikana mikono, imekwisha. Wakataji ni wake, magunia ni yake, wabebaji wa kupandisha mpaka barabarani ni wake. Mvua ikinyesha usiku ule kabichi zikaoza, hasara ni yake. Bei iliyotajwa pale juu ya tuta inafika mpaka barabarani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Naomi.

Basi niliposikia laki tisa, nikajua ni laki tisa mpaka barabarani. Yaani mpaka natafuna. Nikampa Rehema mkono. Akaupokea, akacheka kidogo. Nilidhani anacheka kwa heshima.

Nikarudi nikamuuzia Zakaria kabichi zote za msimu, zikiwa zimesimama, kwa laki tisa. Ndiyo, ndugu zangu. Bei ya kabichi zangu na bei ya jino zililingana sawasawa. Wakati ule nilimshukuru Mungu nikasema ni ishara. Siku hizi nikiwaza hilo naacha hata jembe.

Daktari aliniweka skrubu. Sitamsema vibaya, mkono wake ulikuwa mwepesi na aliongea taratibu. Alishona fizi ikafunika kila kitu, akasema nirudi baada ya miezi minne, mfupa ukishashika. Nikaondoka na pengo langu lilelile. Barabara yote ya kupanda kutoka Mombo nilikuwa nalamba pale mahali kwa ulimi, najisemea, jino limo humo ndani linaota.

Miezi minne ilipotimia nilivaa kitenge kipya nikashuka Tanga. Nilijua nakwenda kuchukua jino langu. Rehema akafungua faili, akaandika, akanipa karatasi. Kiungo, kofia, vipimo na picha ya taya. Milioni moja na laki mbili.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi jino nimeshalilipia."

"Mama, ulilipia skrubu."

"Nilikuuliza bei ya jino."

"Nikakujibu bei ya kupandikiza. Kofia ni kitu kingine."

"Jino bila kofia ni jino gani?"

Akanionyesha fomu yenye sahihi yangu. Kweli ilikuwa yangu, naandika jina langu kwa kulilaza. Lakini fomu ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu mpaka chini. Nilitia sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa imeshawekwa mkononi mwangu na watu nyuma yangu walikuwa wanasubiri. Nilichoka hata kulia. Nikamwambia ulisema haipungui. Akasema, "Na haikupungua, mama."

Ndugu zangu, sikuelewa. Na nawaambia ukweli mbele za Mungu, mpaka leo kuna sehemu sielewi. Aliniibia? Au alikuwa anaongea lugha ya kazi yake na mimi nikasikia lugha ya kabichi? Nikilala nasema aliniibia. Nikiamka nasema ni ujinga wangu. Sote wawili tulishikana mikono.

Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Zakaria akaja kunipa pole, akala ugali wangu, akanawa mikono, akasema, "Shemeji, lile shamba la mtoni nalichukua mimi. Nakupa milioni mbili taslimu. Unamalizia jino, inayobaki unafanyia harusi, hakuna anayekucheka."

Mnalijua shamba lile. Ndilo peke yake katika yangu linalopata maji ya mfereji kiangazi, wakati huku juu tunatazama vumbi. Mama yangu aliponda mawe yake akajenga matuta yake kwa mikono. Ndilo lililomsomesha Naomi. Nikakubali. Sijui niseme nini kingine. Nilikubali kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Tukapanga kuandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, Alhamisi mchana.

Jumatano tulikuwa na ushirika wa akina mama nyumbani kwa mzee wa kanisa. Ilipofika zamu ya maombi nikasema, nina ombi la siri.

Mama Tabitha akadakia, "Ombi la siri gani, Mama Naomi, na umeziba mdomo kama mwizi wa sukari?"

Wakacheka. Ndipo nilipofumuka. Nikaondoa khanga, nikamwambia, "Ni jiwe lako hili! Wewe na maharage yako, wewe na umbea wako!" Nikayamwaga yote, kuanzia makande mpaka milioni moja na laki mbili mpaka shamba la mtoni. Nilisema kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kishambaa, kwa sababu yapo maneno ambayo Kiswahili hakina.

Nilitegemea anijibu kwa ukali, maana mnamjua. Lakini aliangalia mikono yake, akasema, "Maharage yale ni kweli niliyachagua mimi. Kesho asubuhi twende hospitali. Wifi yangu yupo chumba cha meno. Usiweke sahihi popote kabla hajakutazama."

Nikataka kukataa. Huyo aliyenivunja jino ndiye anipeleke kutibiwa? Lakini miguu ilikwenda.

Wifi yake ni Bi Anjelina, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kinywani muda mrefu. Kisha akanieleza pole pole. Jino la kupandikiza ni vitu vitatu: skrubu ndani ya mfupa, kiungo kinachosimama juu yake, na kofia ambayo ndiyo watu wanaiona. Kila kimoja kina bei yake. Na kuna picha, na kuna wengine mfupa wao ni mwembamba, wanaongezewa mfupa kwanza, na hiyo nayo ina bei yake.

"Ulipaswa kuuliza bei ya yote mpaka unatafuna," akasema, "na ukaandikiwa kwa lugha unayoisoma. Ukauliza skrubu ikikataa kushika, nani anagharamia. Ukauliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo."

Nikamuuliza kuhusu bima. Akasema kadi yangu inang'oa na kuziba, kupandikiza haimo.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaninyima usingizi, "Nisipomalizia, hii skrubu itaoza ndani yangu?"

"Haiozi. Imeshika vizuri na imefunikwa. Inaweza kukaa hapo imelala. Ukija kupata uwezo, baada ya miaka hata, utaenda wakutazame tena. Lakini usiuze ardhi kwa ajili ya jino moja, mama. Nitakutengenezea la kuvaa."

"Halitadondoka nikiimba?"

"Likipimwa vizuri linashika. Nani alikwambia linadondoka?"

Nikamtaja Zakaria. Jino la kuvaa lilikuwa elfu themanini, na alilikwangua kidogo kwa ndani lisibane pale ilipo skrubu. Naandika haya mjue tofauti, elfu themanini na milioni mbili na laki moja.

Mchana wa Alhamisi ileile nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Zakaria alikuwa ameshafika na mashahidi wawili. Nikasema shamba haliuzwi.

"Shemeji unaniaibisha. Watu wameshakunywa chai."

"Chai nitailipa. Zakaria, kule kliniki ulipewa shilingi ngapi kwa kunipeleka?"

Akatazama viatu vyake. "Nauli tu, shemeji. Na mimi niliambiwa laki tisa, kama wewe. Na mimi nilijua ni mpaka barabarani."

Ndugu zangu, ile sauti yake! Ilikuwa sauti ya marehemu kaka yake kabisa. Sikujua kama anasema kweli. Dalali wa miaka ishirini adanganywe bei? Lakini na yeye amenunua mashamba yaliyosimama maisha yake yote, hajui biashara nyingine. Nilikaa kwenye benchi la mwenyekiti na hasira yangu, sijui niiweke wapi.

Naomi ameolewa. Nilitoa nasaha, nikaanzisha wimbo, jino halikudondoka. Nililisikia linatikisika kwenye ubeti wa tatu, nikabana mdomo, nikaendelea.

Na Jumapili ya mavuno mlikuwepo. Nilileta sadaka ya kabichi kutoka shamba la mtoni, zile mlizozisifia. Kwenye mnada baada ya ibada, mwinjilisti aliinua moja akaanza na elfu moja. Zakaria akapandisha. Mtu akaongeza, akapandisha tena, mpaka kabichi moja ikafika elfu arobaini na watu wakaguna. Akailipia, akaibeba mbele ya kanisa zima, akaja akaniwekea magotini. "Shemeji, kula," akasema, akatoka nje.

Alikuwa anatubu au ananisimanga? Nimeomba juu ya jambo hilo, sijajibiwa. Mama Tabitha alisema, "Twende tuipike kwanza, Mungu atafafanua baadaye." Tukaipika na maharage. Maharage nilichagua mimi, na yeye akayarudia nyuma yangu, punje kwa punje, bila kusema neno. Nikala kwa jino la elfu themanini, na juu yake skrubu ya laki tisa imelala.

Namshukuru Mungu kwa sababu shamba lipo, na maji ya mfereji yanaingia mle asubuhi hii ninapoandika. Nyie mnaosoma na mmebanwa, iwe ni jino au ni kitu kingine, msifiche ombi lenu nyuma ya khanga. Lisemeni, hata mbele ya yule mnayemlaumu. Mimi nilimtegemea Bwana bila kuelewa, na bado sijaelewa, na hajaniacha. Njooni mumtegemee pamoja nami. Na mkiambiwa bei, muulize inafika mpaka wapi.