Kijumba cha Chukwani ni cha Nadra

Sogeeni wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Nadra, kaa hapo na mama yako mkwe. Sheikh Bakar nimemwita awe shahidi, ingawa yeye alidhani kaitwa kula. Daktari kasema moyo wangu umechoka, nami niliyepika melini kutoka Karachi hadi Rotterdam, nikawalisha mabaharia wali ulioungua wakanishukuru kwa adabu, namjua mtu anaponificha habari mbaya.

Kwa mali sina maneno marefu. Nyumba hii ya Malindi na shamba la Fumba mtagawana kama sheria ilivyogawa, wala asitokee wa kumnung'unikia Mize, mama yenu. Lakini kijumba cha Chukwani, ambacho hakifiki thuluthi ya nilicho nacho, namuusia Nadra, awe bado mke wa mwanangu Usi au asiwe. Yeye si mrithi wangu, kwa hiyo naruhusiwa kumuusia. Bakar, umesikia.

Usi, usininunie. Asubuhi uliniambia, "Baba, unampa njia ya kuondoka," nami nakujibu mbele ya watu: naam, nampa. Talaka ya pili ulishaitoa, imebaki moja, na eda yake humu ndani inakaribia kwisha. Nakujua wewe. Ukiniona nahema hivi utatamka kumrejea papa hapa ili nife nimefurahi, naye atainamisha kichwa kwa kuwa hana pa kumlaza mtoto wenu, kisha mtarudia yale yale mpaka na hiyo moja itoke. Usimrejee kwa ajili yangu. Mimi nakwenda, ntafaidi nini?

Ulipomuacha mara ya kwanza, sisi wazee tuliwakalisha sebuleni, tukauliza nani kakosa, tukamuona Nadra ana ulimi, tukamkanya, tukala biriani tukaondoka. Biriani ilikuwa nzuri. Suluhu haikumaliza mwezi.

Sasa nakwambieni jambo ambalo mama yenu kaniruhusu kulisema. Mwaka juzi alihamia chumba cha juu, akawa analala huko huko, na mimi kila nikipanda ngazi nilimpelekea mzaha. Yeye ndiye aliyetupeleka Mikunguni kwa Bi Saadiya, yule mnasihi wa wanandoa. Nilikwenda na Bakar awe shahidi wangu, kama mtu anayekwenda kwa kadhi. Bi Saadiya akamuonesha benchi la nje. Hakuuliza nani kakosa. Aliniuliza, "Bwana Ahmada, mwenzio akifunga mlango, kifuani kwako panakuwaje?" Nikatia mzaha. Hakucheka, alingoja tu. Nikatia mzaha wa pili, akaendelea kungoja, na mzaha wa tatu sikuupata, nikajikuta namwambia Mize kwamba tangu niache bahari najiona mgeni nyumbani kwangu, na nnaogopa siku moja ataniuliza narudi lini melini. Mama yenu akaniambia, "Na mimi miaka yote hii nikidhani umenichoka." Tulikwenda tena na tena, kwa sababu mimi ni mzito wa kujifunza. Lakini chumba cha juu siku hizi kina vitunguu tu.

Ndiyo maana nawaona nyinyi vizuri. Nadra, ukipandisha sauti unaomba Usi abaki, ila yeye anasikia kwamba hafai kitu. Usi, ukichukua funguo za vespa ukenda zako Fumba, unataka ugomvi usizidi, ila yeye anasikia kwamba ndiyo unamuacha. Kila mmoja anamtisha mwenziwe kwa kuogopa.

Basi nawausia: nendeni kwa Bi Saadiya kabla eda haijesha. Mkishasikilizana, mkitaka kurudiana mrudiane, mkitaka kuachana muachane bila kuchukiana, na mtoto awaone mnasalimiana. Mwanamkasi, wewe ni dada mtu, usimwambie wifi yako avumilie. Muulize kinachomuuma, kisha nyamaza. Najua kwako hilo ni zito kuliko kufunga Ramadhani. Bakar asende nao.

Mnizike mapema, na hotuba iwe fupi... Nipeni maji. Ahsante, Mize.

Mwenyezi Mungu akulindeni, akulainishieni nyoyo, akupeni watoto watakaokwambieni kweli bila kukuogopeni. Nimekuridhieni nyote... hata uliyevunja redio yangu, Mwanamkasi...

Usi, unasema nini? Pumzi yangu ndogo, lakini masikio yangu mazima... Ehe. Unadhani mkigombana ukibaki ndani, Nadra atakuona huna maana. Mimi nshasikia, mwanangu. Lakini si mimi wa kuambiwa. Mgeukie Nadra, umwambie... pole pole, kama ulivyoniambia mimi.

Na mkono wangu uachie. Mama yako ataushika.