Mtoto Asiye na Siku ya Kuzaliwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Baba Mchungaji, Daktari Mkuu, Matroni wetu ambaye leo umevaa viatu virefu kwa heshima yangu na najua vinakuuma, wakunga wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama wa wodini mliosogea dirishani na matumbo yenu: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote hamjambo. Wewe uliyejishika kiuno hapo dirishani, uchungu ukikuanza usinisubiri nimalize. Nenda.

Nimeombwa niseme machache ya kuaga, baada ya kuwa mkunga katika hospitali hii tangu nikiwa msichana. Ratiba inasema nitashukuru, nitawausia vijana, halafu tutakula. Kushukuru nitashukuru. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na nikishuka hapa bila kulisema sitapata usingizi.

Mkwe wangu yuko mstari wa pili, yule mwenye shati jeusi. Aliyekaa pembeni yake ni binti yake, mjukuu wangu, ambaye mimi namwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yamemtoka yote kwa mpigo. Mkwe wangu amekuja kwa sharti moja. Jana aliniambia, "Mama, nitakuja kukuaga, lakini nakuomba, usiitaje siku." Nikamwongezea chai, naye akadhani nimekubali. Baba, nakupenda kama niliyekuzaa mwenyewe, na leo naitaja.

Leo ndiyo siku aliyokufa binti yangu. Wengi wenu mnajua, ndiyo maana tangu asubuhi mnanitazama kwa macho ya huruma. Alifia hapa hapa kwetu, kitanda cha karibu na sinki, mchana kweupe. Kwa utaratibu wetu mkunga hamzalishi mwanawe, kwa hiyo mimi nilikaa upande wa kichwani nikamshika mkono. Mtoto akatoka salama. Kisha mfuko wa uzazi ukagoma kujikaza, damu ikakataa kusimama. Daktari Mkuu, ulihangaika mpaka jasho likakudondoka kwenye miwani. Mlifanya yote yanayofanyika. Sina neno na mtu.

Sasa wageni niwaambie kitu msichokijua. Wodi yetu ina mazoea yake. Mtoto akizaliwa, mkunga aliyempokea anapaza sauti, "Haleluya!" na wote waliopo, hadi mfagizi aliyeko koridoni, wanaitikia, "Amina!" Mimi nilikuwa naipaza kupita kiasi, ndiyo mkaniita Mama Kelele. Alipokufa binti yangu, wenzangu kwa kunihurumia wakaacha. Hakuna aliyetoa amri. Waliogopa kunitonesha kidonda. Watoto wakawa wanazaliwa kimya kimya, sisi tunanong'ona kama tuko chumba cha maiti. Na nyumbani kwetu vivyo hivyo: siku hii ikifika tunavaa nyeusi, tunakwenda makaburini, redio haiwashwi, na jioni tunalala na njaa kwa kuwa hakuna mwenye nguvu ya kuwasha jiko.

Je, si ndiyo heshima? Nami niliona hivyo. Kanisani niliendelea kwenda, lakini jamani, nilikuwa naenda kukaa tu. Na chumbani nilimwambia Mungu maneno ambayo, Baba Mchungaji, ungeyasikia ungenitoa kwenye uongozi wa akina mama siku hiyo hiyo.

Mpaka siku moja mama mmoja kijana akajifungua mikononi mwangu. Mtoto mzima, analia kwa hasira zake zote. Nikamfuta, nikampima, nikamfunika, sikusema kitu. Mama yule akajiinua kwa viwiko. "Dada, kuna nini?" akaniuliza. "Mbona mmenyamaza? Mtoto wangu ana nini?" Nikamwambia hana kitu, ni mzima kabisa. Hakuniamini. Akaanza kupiga mayowe aitiwe mumewe, aitiwe daktari, eti kuna jambo tunamficha. Wakunga wenzangu, mnakumbuka? Huruma yenu kwangu ilikuwa imegeuka kitisho kwa mama asiyenijua hata jina.

Pale pale nilifungua mdomo nikasema Haleluya. Wee! Sauti ilitoka kama ya jogoo mgonjwa. Wenzangu wakaja mbio wakidhani nimeanguka. Nikarudia, na Matroni, ukiwa na beseni mkononi, ukaitikia huku unalia. Niwaambie ukweli, sikuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa na Kristo tu, ambaye naamini alifufuka. Na kama alifufuka, basi kaburi si mwisho wa binti yangu. Na kama si mwisho wake, kwa nini nimeliachia kaburi litawale wodi yangu na nyumba yangu? Niliamua kabla sijahisi. Furaha yenyewe ilichelewa sana, ikaja kidogo kidogo, na mpaka leo ziko siku haifiki kabisa. Siku hizo naipaza Haleluya vivyo hivyo, nikiwa nimekunja ngumi.

Mkwe wangu amesimama. Nakuona, baba. Mlango haujafungwa, na sitakulaumu ukitoka. Najua unachosema moyoni: mama mkwe anacheka juu ya kaburi la mke wangu. Ulishaniambia hivyo uso kwa uso uliposikia nimeanza tena Haleluya, na tangu hapo tunasalimiana kama majirani waliogombea mpaka. Lakini nisikilize hivyo hivyo ukiwa umesimama, maana nikinyamaza leo tutampoteza na huyu wa pili, mwanao.

Juma lililopita mwalimu wa mjukuu wangu aliniita. Darasani kwao, mtoto akifikisha siku yake ya kuzaliwa, wenzake humwimbia. Mwalimu akamuuliza Kibogoyo, "Na wewe yako ni lini?" Akajibu, "Mimi sina. Mimi nina siku ya msiba." Mwalimu akadhani ni utani. Nikarudi na mjukuu wangu nyumbani, nikamketisha chini nimsuke nywele, nikamuuliza kwa nini alijibu vile. Hakugeuka kunitazama. Akasema, "Bibi, ningekataa kutoka tumboni, mama angekuwepo, eti?"

Mheshimiwa Mkurugenzi, mimi nimeona mengi katika kazi hii, na mikono yangu haijawahi kunisaliti. Siku ile kitana kilinidondoka. Mtoto wa miaka saba anajiona muuaji, na waliomtwika mzigo huo ni sisi watu wazima, watu wa sala, kwa nyuso zetu tu, bila kumtamkia neno baya hata moja. Nani kati yetu aliwahi kumwambia kwamba siku ile alizaliwa mtu?

Baba, umefika mlangoni, na mwanao hajanyanyuka kwenye kiti. Basi ngoja nimjibu, maana siku ile nililia tu.

Kibogoyo, mjukuu wangu, mtazame bibi. Hukumuua mama yako. Alivuja damu, na hilo halikuwa kosa lako wala la mtu yeyote. Mimi nilikuwepo, nimemshika mkono. Walikuweka kifuani kwake, naye bado ana nguvu, akakufunua uso, akakutazama weee, kisha akacheka. Ndiyo, alicheka, kwa sauti, nilimsikia kwa masikio yangu. Akasema, "Mama, hebu ona! Amechukua pua ya baba yake, masikini ya Mungu!" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Baba yako hajawahi kuyasikia hadi dakika hii, kwa sababu siku hii kwetu haitajwi. Mama yako aliondoka duniani akikufurahia wewe na kumtania mumewe.

Jioni tutakwenda makaburini kama kawaida, na atakayelia alie. Bwana Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake. Lakini kwanza huyu mtoto ataimbiwa, hapa hapa, na keki yake iko jikoni, nimeificha nyuma ya masufuria. Hilo siwaombi, nawatangazia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Baba Mchungaji, wakunga wenzangu, akina mama wa dirishani, Mungu awabariki kwa kunilea na kunivumilia. Shukrani nyingine nimeziandika, Matroni atawasomea. Asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa, na mniwie radhi nashuka haraka: mkwe wangu amesimama pale mlangoni ameishika pua yake, anacheka na kulia kwa pamoja, na hana kitambaa.