Nyar Suna na Bei ya Mkono

Phelesia Achieng Ouko, ambaye soko zima la Oyugis lilimwita Nyar Suna, yaani binti wa Suna, kwa kuwa ndiko alikozaliwa, alikuja duniani tarehe 14 Machi 1961 huko Suna, Migori. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nicodemus Okoth na marehemu Mama Peres. Aliitwa Achieng kwa sababu alizaliwa jua likiwa utosini.

Alisomea pale pale Suna hadi darasa la saba, mwaka 1976. Karo ya sekondari ilipokosekana, akaenda kujifunza ushonaji mjini Migori. Huko alifunzwa kukata kola, kutia zipu na kunyoosha suruali ya harusi. Alizoea kutuambia kwamba kitu kimoja hakuna aliyemfunza: kuitisha malipo ya mkono wake.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na baba yetu, Javan Ouko, mwashi wa Oyugis. Walijaliwa watoto watatu: mimi Lynnet ninayewasomea, Wesley na Bonface.

Mwaka 1984 aliweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja karibu na soko, ambalo baadaye alilikodi. Kwetu mteja huja na kitambaa chake, fundi hulipwa ufundi tu. Mama aliukadiria ufundi huo kwa macho. Mwalimu alilipa zaidi, mjane alilipa kidogo, na jamaa aliondoka na nguo akiacha shukrani. Na hapa kwetu Kasipul, nani si jamaa?

Mwaka 2006 alishona majoho ya kwaya nzima kwa bei ya upendo. Siku ya kuyachukua, msaidizi wake Mellen, binti aliyetoka Ogwedhi kutafuta kazi, alionekana akifunga virago. Mama alipomuuliza kulikoni, Mellen alijibu, "Mama, kwaya imependeza, hata mimi nimeona. Lakini mimi sasa nitakula hiyo kupendeza?"

Maneno hayo yalimchoma. Alimsihi abaki, kisha akakaa na redio, akashona sare ya shule kutoka taarifa moja ya habari hadi nyingine ili ajue inakula saa ngapi. Akajumlisha ujira wa Mellen, uzi, umeme, kodi na ukarabati wa cherehani, akapata bei ya saa moja ya mkono. Akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu, moja kwa watu wote.

Wateja walihamia kwa fundi jirani. Baba aliingiwa na hofu, akamwita mama wa Lynnet kama kawaida yake, akamwambia, "Min Lynnet, hiyo ni bei ya Nairobi. Duka litafungwa." Mama alimjibu, "Wacha waende. Huko wataambiwa kuja kesho mpaka wachoke."

Na ndivyo ilivyokuwa. Rahisi ikawa ghali. Mama, kwa kuwa sasa alijua kila nguo inadai muda gani, hakupokea kazi iliyomshinda, na akisema Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Watu wakarudi mmoja mmoja, wakinung'unika huku wakilipa.

Hatuwezi kumwacha Baba Mdogo Gordon, ambaye tunamwona pale akiinamisha kichwa. Alileta kitambaa cha suti akasema, "Shem, bei ya ukuta ni ya wageni. Mimi si wa nyumbani?" Mama akamjibu, "Shem, mkono wangu naweza kukuachia. Wa Mellen si wangu, siwezi kuutoa zawadi." Gordon alilipa sehemu ya Mellen, na Mama akashona koti mwenyewe bila malipo. Tangu bei iwe ukutani, punguzo lote alilompa mtu lilitoka mkononi mwake mwenyewe. Tulimpenda sana kwa hilo, na tutalikosa.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafirishwa kwenda kusafishwa damu mjini Homa Bay. Alivumilia, akiwatania wauguzi kuhusu pindo za sare zao. Alituaga Jumanne tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka 64.

Wiki moja kabla, alimwita Mellen na sisi watoto. Alijua ukoo utataka vitenge vya matanga vishonwe dukani, na utasema wasichana wa dukani wamshonee mama yao bure. Alisema, "Vishonwe kwa bei ya ukuta. Wa kupunguza nilikuwa mimi, na mkono wangu umechoka."

Ameacha mume wake Javan, sisi watoto watatu, wajukuu saba, dada yake Mama Joyline wa Suna, na Mellen, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za duka.

Vitenge mnavyotuona navyo leo vimelipiwa. Jana Baba Mdogo Gordon alikwenda mwenyewe dukani, akasimama mbele ya ule ukuta, akasoma bei, akampa Mellen malipo yote ya ufundi mkononi. Hakuomba apunguziwe. Mellen ndiye aliyelia.

Nyar Suna, kazi yako imelipwa. Pumzika sasa kwa amani.