Pori Halina Mwenyewe

Pale Goba lami inapoishia kuna benchi moja, birika moja la kahawa, na maoni yasiyo na idadi. Birika ni la Mashaka, anayemimina kahawa na ushauri kwa mkono uleule. Asubuhi hiyo katikati ya benchi alikaa Polikarpo, mchonga vinyago wanayemwita Patasi, na karatasi mapajani. Kushoto kwake alikuwepo Fransis, yaani Wakili. Aliwahi kuwa karani wa mahakama miaka miwili, na tangu hapo hajapumzika kutoa hukumu. Kulia alikaa Gervas, yaani Injini, msumeno wake wa petroli uko miguuni. Patasi mwenyewe ndiye aliyemwita, aje kuifyeka mipingo yake kumi na tisa kule bondeni.

Karatasi ilikuwa inataka kinyume chake. Upande mmoja wa msitu wa bondeni ni hifadhi ya serikali, upande wa pili ni viwanja vya watu tisa. Kamati ya msitu imeshauri msitu utunzwe kama mmoja: afisa misitu na wenye viwanja wapite doria pamoja kila Jumamosi, mtu asikate mti bila wenzake kujua, na mpingo utakaokufa wenyewe, uwe wa serikali au wa mtu, wagawane. Wanane wameshasaini. Kiwanja cha Patasi kiko katikati, na bila yeye msitu unakatika vipande viwili. Tatizo ni kwamba juzi mtu asiyejulikana alionekana akikipima hicho kiwanja kwa hatua, na huku kila mtu anajua: kiwanja chenye pori hakina mwenyewe. Ukitaka kionekane chako, fyeka.

— Mzee, usisaini, alisema Wakili. Leo unautunza msitu na serikali, baada ya miaka kumi mpaka umesogea, we uko nje na karatasi yako. Wahenga walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo si inamsifia mgeni? aliuliza Patasi.

— Ndo hivyo! Unamsifia, anahamia.

— Wakili, ishu yenyewe huijui, alidakia Injini. Hapo wanauza hewa. Kuna jamaa kaniambia, miti ikisimama, wazungu wananunua hewa yake. Mzee akisaini tu, hewa ya bondeni si yake tena. Atapumua kwa kibali.

— Pumzi yangu atanipimia nani? aliuliza Patasi.

— Watakuja na mashine.

Mashaka aliweka birika chini.

— Nyie mnaongelea hewa, mie naogopa chui. Miti ikishikana, chui anarudi. Akirudi, anaandikwa. Akiandikwa, ana haki. Siku hiyo hati anapewa chui, na mzee anaambiwa anamsumbua.

— Goba hii? aliuliza Patasi. Huyo chui atakula nini?

— Mbwa wa mageti.

Hilo hata Wakili alilipitisha bila pingamizi.

Patasi hakucheka. Miaka ishirini na miwili iliyopita, aliponunua kile kiwanja, mipingo ile ilikuwa minene kama kidole gumba. Leo imefika unene wa mkono. Yeye ameanza kuchonga akiwa kijana kule Newala, na alijua bila kuipasua kwamba ndani bado ni myeupe. Ule moyo mweusi hautoshi hata kutoa kitana. Kuikata leo ni kupata kuni. Anaikata ili watu waone kwamba kiwanja kina mtu. Ilimuuma sana, lakini hofu ilizidi maumivu.

— Ukianza saa hizi, unamaliza saa ngapi? Patasi alimuuliza Injini.

— Adhuhuri peupe, mzee. Bandu bandu huisha gogo, lakini huo ni wimbo wa watu wa shoka.

Hapo ndipo alipofika Herieth, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya msitu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

Wakamsogezea nafasi. Aliutazama msumeno, akamtazama Patasi.

— Mzee wangu, nimefuata karatasi.

— Si kwamba sitaki, mwanangu. Nikiacha pori, watasema hakuna mwenyewe. Nitaporwa.

— Naomba kuuliza tu, maana mie mgeni, hata mwaka sijamaliza. Hapa kwetu, nani aliporwa kiwanja chenye miti?

— Wengi! alisema Wakili. Si yule Hamida wa kule juu?

— Hamida alikuwa kalima mihogo, alisema Mashaka. Miti alishaing'oa yote.

— Basi Godlisten.

— Godlisten alishamwaga mpaka kifusi. Palikuwa peupe.

Injini alikuwa anakitazama kikombe chake.

— Na mie, alisema kwa sauti ya chini. Changu nilikifyeka mwenyewe, kwa msumeno huuhuu, kisiki sikuacha. Nikaenda Masasi kuzika. Narudi, nakuta watu wamepandisha msingi. Walinishukuru kwa kufyeka.

Kijiweni wamekaa naye miaka sita, na hilo hakuna aliyewahi kulisikia.

— Hukuwa na shahidi? aliuliza Patasi.

— Nani, mzee? Pale hakuna aliyekuwa anapitaga. Kila mtu na ukuta wake.

Patasi akayawaza macho yatakayopita bondeni kila Jumamosi, akaomba kalamu. Alisaini polepole, herufi moja moja. Herieth akamshukuru, akaipokea karatasi kwa mikono miwili.

— Hiyo doria ya Jumamosi mnaanza saa ngapi? aliuliza Injini.

— Saa moja asubuhi.

— Nakuja.

— Karibu sana, kaka. Nikuandike upande gani?

Injini akainama kuitazama ile karatasi. Palikuwa na mstari wa serikali, na chini yake mistari ya wenye viwanja.

— Serikali mie si serikali, alisema. Na kiwanja sina. Sasa nakuja kama nani?

Herieth alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Mashaka, na Mashaka akainua birika, akainamisha kwenye kikombe cha Injini. Likatoa matone mawili: kahawa na ushauri, vyote vimekwisha.