Grisi ya Shemeji

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya duka la vipuri lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa, na aliyenuna kuliko wote ni Spana, fundi wa pikipiki. Dada yake ameolewa na Mapezi, mzamiaji anayekata vyuma vya meli zilizozama. Tangu juzi Mapezi alikuwa amejifungia chumba cha uani na kifaa chake cha kupumulia majini. Anakifungua kipande kwa kipande, anakiosha kwa sabuni, anakishika kwa glavu kama mkunga. Spana alimpelekea kopo la grisi, akafukuzwa mlangoni. Jambo hilo lilimkaa kooni.

— Mimi, shemeji yake kabisa, naambiwa nisiguse! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kaokota dhahabu huko chini, akasema Domo, muuza simu za mitumba. Ndiyo anayoisugua. Haba na haba hujaza kibaba.

— Dhahabu kwa sabuni ya vyombo?

— Basi anatoroka. Anavuka mpaka chini kwa chini, majini. Dadako ataamka kitanda kimepoa upande mmoja.

Spana akasogea ukingoni mwa benchi.

— Na leo kaenda kuchukua mtungi mpya. Wa oksijeni.

Cheche, mchomelea vyuma, akashusha kikombe.

— Oksijeni tupu? Ya nini?

— Eti ataivuta akiwa anapanda, mita chache za mwisho, imsafishe damu.

— Kumbe ndiyo maana anaosha! Oksijeni tupu ikiingia kwa kishindo penye mafuta, moto unalipuka. Hata mipira ya kuzibia anabadilisha, na ina grisi yake maalumu. Ile yako ya cheni ni kifo.

Spana akajikuna kisogo.

— Nimeshaipaka.

— Umepaka wapi?

— Kwenye kifaa. Alipofuata mtungi, niliingia. Niliona vyuma vimekauka, nikamwonea huruma.

Hakungoja jibu. Alikimbia, ndala moja ikabaki barabarani. Uani, Mapezi alikuwa keshafunga kifaa kwenye mtungi, kiganja kiko juu ya koki.

— Shem, usifungue! Nimetia grisi!

Mapezi akauondoa mkono taratibu. Hakutukana, heri angetukana. Alikifungua kifaa, akautazama utelezi kwenye glavu yake, kisha akavuta beseni akaanza upya, tangu skrubu ya kwanza.

Spana akarudi benchini akitweta, akawasimulia.

— Hakukasirika? Domo akanong'ona. Hapo pana jambo. Kimya kingi kina mshindo.

Kabla hajamaliza, dada yake Spana alikuwa amesimama mbele yao, mikono kiunoni, macho mekundu.

— Kaka, tangu juzi mnamshuku mume wangu. Ulishindwa nini kumwuliza anafanya nini?

Spana akamtazama Domo. Domo akamtazama Cheche. Cheche akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa masimbi ya kahawa tu.