Gogo la Antipasi Lapimwa

Kijiwe cha Relini, pale Manyoni, ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa bucha la Antipasi, na hakuna jambo la dunia lisilokatiwa hukumu pale. Hanifa alimimina kahawa. Mselemu, mstaafu wa reli aliyeitwa Stesheni, alitoa maamuzi. Chediel, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alitangaza. Ila siku hiyo Antipasi mwenyewe alikaa mwisho wa benchi kama mfiwa. Majuma machache nyuma alipita binti mmoja, mtafiti wa mifugo kutoka Morogoro. Alifuta nyama kwa pamba, akafuta na gogo la kukatia, pamba akazitia kwenye vichupa na kuondoka navyo ndani ya sanduku la barafu. Alikuwa anatafuta bakteria. Alivaa glavu mbele ya wateja wa Antipasi, na tangu hapo wateja hawakuonekana tena. Mtu akishapimwa tu, watu humwita mgonjwa. Na leo majibu yanakuja.

— Hivi bakteria ndiyo nini hasa? — aliuliza Hanifa.

— Mdudu asiyeonekana, — alisema Stesheni. — Anapanda treni toka Dar bila tiketi. Mkaguzi atamdai nini mtu asiyemwona?

— Uongo, mzee! — Redio alidakia. — Huyu kaja na soko huria. Wanatutia hofu na nyama yetu ili tununue ya kopo. Ni biashara hiyo!

— Samaki mmoja akioza, wote huoza, — alikata hukumu Stesheni.

— Tunaongelea ng'ombe hapa!

— Kwa Manyoni, ng'ombe ndiye samaki wetu.

Redio akashusha sauti.

— Nasikia wakishawapata hao bakteria hawawaui. Wanawafuga Morogoro kwenye visahani vya kioo. Na chakula wanawapa.

— Wanawafuga! — Hanifa alishika kiuno. — Mbuzi wetu majani hawana, wadudu wanapikiwa?

— Haba na haba hujaza kibaba, — alihitimisha Stesheni. — Wakishakuwa kundi wataletwa mnadani tuwanunue. Siku hizi kila kitu ruksa.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Antipasi hakucheka. Bucha lile alilirithi kwa baba yake, mzee Mughwai. Akiambiwa leo kwamba amekuwa akilisha watu sumu, atapita na uso gani katika mji huu?

Basi la Dodoma likapiga honi. Akashuka yule mtafiti, Eliana, akaja moja kwa moja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, tuingie ndani tuongee?

Antipasi akatikisa kichwa.

— Nimesengenywa nje. Sema hapa hapa nje.

— Nyama yako inafika hapa ikiwa nzuri, — alisema Eliana. — Tatizo ni gogo. Lina nyufa, damu inaingia, na brashi haifiki. Halafu unakatia matumbo na nyama pale pale, kwa kisu kile kile. Bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wanahamia kwenye steki. Ikipikwa ikaiva wanakufa, lakini mikono haipikwi, wala kachumbari. Na si kwako tu, baba. Mabucha yote niliyopima yana shida hiyo hiyo.

— Yote?

— Yote. Na dawa ni rahisi: kata sehemu yenye nyufa, matumbo uyape ubao na kisu chake.

Antipasi alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia. Kumbe si yeye peke yake, na kumbe lina dawa!

— Samahani, — Redio aliingilia. — Wale wa kwenye visahani mtawauza bei gani?

Eliana akacheka.

— Tunawaotesha ili tuwatambue, mjomba. Kisha tunawachemsha wafe.

— Wote? — Redio akaonekana kuwasikitikia kidogo.

Gogo lile lilikuwa la mkwaju, na juu yake ndipo Antipasi alipofundishwa kushika kisu. Angeweza kufunga mlango akalisugua kwa siri. Badala yake alilibingirisha mpaka barabarani, akaazima msumeno, akashika upande mmoja na Redio wa pili, Stesheni akitoa amri kama anaruhusu treni. Watu wakaanza kujaa. Sehemu yote yenye nyufa ikaanguka, chini yake mti ukatoka mzima, mwekundu. Hanifa akamwagia maji yanayotokota, Eliana akaonyesha namna ya kusugua kwa chumvi. Ukatafutwa na ubao mwingine.

— Jamani! — Antipasi alipaza sauti, jasho likimtiririka. — Gogo langu lilikuwa na bakteria. Nimelikata mbele yenu. Kuanzia leo matumbo yana ubao wake na kisu chake. Na kwingine mkaulize!

Watu wakapiga makofi.

— Mficha uchi hazai! — alipiga kelele Stesheni, na kwa mara ya kwanza mwaka ule methali yake ikakaa mahali pake.

Hapo Stumai, mama lishe wa stendi aliyekuwa ameshahamia bucha jingine, akapenya na kapu lake mpaka mbele.

— Haya, nimeona kwa macho yangu. Nyama ipo?

Antipasi akamtazama Redio, Redio akamtazama Stesheni, Stesheni akatazama reli. Kwa hofu ya majibu, mwenye bucha hakuwa amekwenda machinjioni kabisa. Ndani ndoano zilining'inia tupu.

— Kesho, mama, — alisema kwa sauti ndogo. — Alfajiri.

Stumai akacheka, akaingia buchani na kutundika kapu lake kwenye ndoano ya kwanza.

— Basi likae hapo. Asije mtu akaniwahi.