Kuanzia Kitabu cha Pili

Tulipotoka Rumonge, mwalimu aliyekaa mbele yangu alikuwa akimalizia kitabu chake. Kabla hatujafika Magara, fundi cherehani aliyekaa pembeni yake alishasimuliwa chote: malkia anatawala mji ulio chini ya ziwa, na samaki wanakumbuka majina ya watu waliozama. Mwalimu alikuwa amemgundua mwandishi wa hadithi hiyo wiki hiyo tu, kwa kitabu cha pili kati ya vitatu, kwa sababu ndicho pekee kilichovuka ziwa kutoka Kigoma.

"Sasa naenda maktaba ya Bujumbura kuazima cha tatu," alisema.

"Oya, mwalimu," fundi akasema. "Cha kwanza iko pale pale. Utasoma namna gani mambo yenye haujue yanatoka wapi? Mimi siwezi kushona kola mbele ya kukata shati." Aliongea kwa uhakika wa mtu ambaye hajasoma hata kimoja.

"Cha kwanza kinaeleza malkia alivyofukuzwa kwao. Nimeshajua kwamba alifukuzwa."

"Lakini haujue sababu."

Mwalimu akafunga kitabu. "Baba, mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Nililetwa Rumonge nikiwa msichana mkubwa, bibi yangu nikamkuta kaburini. Nchi hii yenyewe nimeianzia kitabu cha pili, na nimeielewa."

Gari likasimama Muhuta. Fundi akashuka, kisha akainama dirishani. "Kweli umeielewa?" akauliza, bila kejeli.

Mimi niliyezaliwa hapa hapa nilitazama ziwa, nikishukuru kwamba hakuniuliza mimi.